Pesa za Skyrim: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kwenye skrini ya nne

Banda letu la gemu liko Ngamiani, Tanga, kwenye hizi barabara zetu za namba, na lina skrini nne. Tatu ni za mpira, na za mpira hazina maswali: ukifungwa unainuka, mwenzio anakaa. Ya nne iko kona, chini ya feni, na ndani yake kuna gemu la Skyrim. Hapo ndipo ninapoulizwa mpaka chai inapoa kikombeni.

Gemu lenyewe lilitoka tarehe 11 Novemba 2011, nami ninalo la mashine ya PS3, diski ina mikwaruzo lakini inasoma. Wateja wanaanza vizuri. Wanamkimbia joka pale Helgen, wanateremka mpaka kijiji cha Riverwood, halafu kesho yake wananijia na swali moja lenye sura nyingi: hela hapa inapatikanaje, na mbona haikai? Majibu ndiyo haya. Majina ya miji, watu na ujuzi nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ili usipotee.

Septim ni nini? Inakula nafasi kwenye mzigo?

Ni sarafu ya dhahabu, na ndiyo hela pekee utakayohitaji. Haina uzito hata chembe. Beba 10 au beba 100,000, mwili hausikii.

Nimenunua upanga kwa 310. Nimebadili mawazo, namrudishia ananipa 32. Huu si wizi?

Ni hesabu, na ukiielewa hii moja umeelewa nusu ya uchumi wa Skyrim.

Kila kitu kina thamani yake ya asili. Muuzaji anapokuuzia anaizidisha kwa namba fulani, na anaponunua kwako anaigawanya kwa namba hiyohiyo. Namba yenyewe inategemea ujuzi wako wa Speech, yaani ulimi. Mwenye Speech 0 namba yake ni 3.3, mwenye 100 ni 2.0. Wahusika wengi wanaanza na 15, ambayo inakupa kama 3.1. Kwa hiyo kitu cha thamani ya 100 unakinunua 310, unakiuza 32. Hata ukifika 100 kamili ya ulimi, bila nyongeza nyingine, utakinunua 200 na kukiuza 50.

Sasa angalia. Mtu wa Tanga akisikia biashara, akili yake inakwenda kwenye machungwa: yapakie Muheza yakiwa ya bei ya chini, yateremshe Dar es Salaam yakiwa na bei nyingine, katikati hapo ndipo unapokula. Kwenye Skyrim hiyo njia imefungwa. Bei haibadiliki kwa mji. Upanga wa Whiterun na wa Solitude una thamani ileile, na hakuna msimu wala uhaba. Ukinunua kitu ili ukiuze tena umeshapoteza kabla hujatoka mlangoni. Nimemwona kijana amenunua ngao saba Whiterun akazisafirisha mpaka Riften, ana uhakika kabisa kule wana shida na ngao. Nilimwacha amalize safari, maana angebisha.

Faida hapa inatoka sehemu mbili tu: kitu ulichokipata bure, na kitu ulichokitengeneza kwa mkono wako. Majibu mengine yote yanazunguka hapo.

Basi nipandishe Speech kwanza?

Usikimbilie. Kila leveli unapewa pointi moja, na mwanzoni pointi hiyo itakuokoa zaidi ukiiweka kwenye silaha au ngozi yako. Speech yenyewe inapanda taratibu kila unapouza.

Ila kuna hatua moja ninayoipenda, inaitwa Merchant. Unaifikia ujuzi ukiwa 50, baada ya kuchukua Haggling ya kwanza na Allure. Ukiwa nayo, muuzaji yeyote anapokea bidhaa yoyote: mhunzi ananunua dawa, muuza dawa ananunua mashoka. Mzunguko wote wa mji unafupika. Haggling ina ngazi tano na ya mwisho inakupa bei nafuu kwa asilimia 30, lakini hizo ni pointi tano nzima, na mimi sijawahi kuzimaliza. Allure inakupunguzia asilimia 10 kwa wauzaji wa jinsia tofauti na yako. Hiyo hata sokoni Mgandini ipo, haihitaji pointi.

Nina mzigo wa maana lakini mwenye duka hana hela. Nifanyeje?

Hili ndilo linalowachosha watu kuliko joka. Mwenye duka la bidhaa mchanganyiko, kama Lucan wa Riverwood au Belethor wa Whiterun, anakuwa na septim 750 hivi. Wahunzi wanafika 1,000. Wauza dawa na wachawi wa ikulu wana kama 500. Zikiisha zimeisha. Ukimpa kitu cha 900 na droo ina 200, atakipokea kwa 200 na hutadaiwa shukrani.

Ni kama mnada wa samaki pale Deep Sea. Anayefika na jodari mkubwa saa nne, wachuuzi wameshamaliza hela zao kwa vibua, hapati bei, na samaki hana kosa. Hesabu droo kabla hujafungua mkoba.

Kwa hiyo unafanya hivi. Kwanza unazunguka. Whiterun peke yake inatosha mizigo mingi: ingia langoni, mhunzi Adrianne yuko palepale na tanuri lake, panda mpaka uwanja wa soko, Belethor na Arcadia wa dawa wanatazamana, juu zaidi kuna Eorlund pale Skyforge, malizia ikulu kwa Farengar. Kila mmoja mpe cha kwake. Silaha kwa wahunzi, dawa na mizizi kwa Arcadia, vitu vya uchawi kwa Farengar, takataka nyingine kwa Belethor.

Pili, unasubiri. Droo zinajaa upya baada ya saa 48 za ndani ya gemu. Saa za Skyrim zinakwenda mara 20 ya saa zetu, kwa hiyo ukikaa tu unangoja zijae, utanilipa saa mbili na dakika 24 za banda. Sitakataa, ila si lazima. Kuna kitufe cha kusubiri, kinakuruhusu kuruka mpaka saa 24 kwa mara moja. Bonyeza mara mbili, umemaliza ndani ya dakika moja.

Tatu, badilishana. Kama droo ina 200 na wewe una kitu cha 900, nunua kwanza vitu unavyovihitaji kweli, hela yako iingie kwenye droo yake, halafu uza. Mishale, vyuma, mbegu za dawa. Fidia inakuwa bidhaa.

Nimejaza mkoba siwezi kukimbia wala kusafiri kwa ramani. Nitupe nini?

Swali hili nalipenda.

Unaanza na uwezo wa kubeba uzito wa 300. Kila unapopanda leveli na kuchagua Stamina, unaongezewa 5. Ni kidogo sana, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yako utaishi na 300 na ushee. Ukiuzidi unatembea kama bi harusi. Watu wanadhani hela ndiyo kitu adimu ndani ya Skyrim. Kwangu mimi, kitu adimu ni mgongo.

Waangalie waendesha baiskeli wa hapa kwetu. Kariya ya nyuma ni ileile. Mmoja kapakia gunia la mkaa, anasukuma huku anatweta mpaka Chumbageni. Mwingine ana kikapu cha karafuu au iliki kutoka milimani na anapiga kengele. Jioni uliza nani kapata nini.

Hesabu ni ya kugawanya: thamani gawanya kwa uzito. Vazi la chuma la kawaida lina thamani ya 125 na uzito wa 30. Hiyo ni kama 4 kwa kila uzito mmoja. Upanga mkubwa wa chuma, thamani 50, uzito 16: ni 3. Huo ni mkaa. Mfupa wa joka ni 500 kwa uzito wa 15, unapata 33. Magamba yake ni 250 kwa 10, unapata 25. Jiwe la amethyst ni 120 na uzito wake ni 0.1 tu. Almasi ni 800 kwa uzito huohuo. Wale madalali wa vito kutoka bonde la Umba wanaotembea na mali yao ndani ya karatasi iliyokunjwa, kwenye mfuko wa shati, wangeishi vizuri sana Skyrim.

Sheria yangu mwanzoni: chochote chini ya 10 kwa kila uzito mmoja kinabaki chini. Ukishapata pesa, pandisha iwe 20. Utaona uchungu kumwacha jambazi na nguo zake mwilini. Utazoea.

Kuna udanganyifu mmoja wa kuutambua. Kwenye magofu ya Dwemer, watu wa kale waliotoweka, utakuta vyuma vya kila umbo, na bei inayoonyeshwa haikuambii kinachofaa. Ile mikubwa iitwayo Solid Dwemer Metal ina uzito wa 25 na ukiiyeyusha inatoa vipande vitano. Lakini vile vidogo vilivyopinda, Bent Dwemer Scrap Metal, vina uzito wa 2 na kila kimoja kinatoa vipande vitatu vya thamani ya 30 kila kimoja. Okota vilivyopinda vyote, hata kimoja usiache. Mitambo ya kuyeyushia ipo, Whiterun iko jirani na Adrianne.

Na msaidizi wako pia ana mgongo. Utakapompata Lydia, na atakuja bila malipo ukishamuua joka wa kwanza na kupewa heshima na Jarl, mtawala wa Whiterun, mpe nusu ya mzigo. Kuna pia jiwe la The Steed, kaskazini magharibi ya Solitude: ukilishika unaongezewa uwezo wa kubeba 100, na vazi ulilovaa linahesabika halina uzito. Wachezaji wanaochuja mizigo vizuri hawalihitaji. Mimi ninalo.

Nimeanza jana. Hela ya kwanza naipata wapi bila kupigana?

Kuni. Tafuta shoka la kukatia kuni, kaa kwenye gogo pale Riverwood, kata, mpelekee Hod wa palepale. Kila kipande 5. Inachosha kutazama lakini nusu saa itakupa nauli na chakula. Wakulima nao wananunua kabichi na viazi ulivyowavunia wenyewe kwenye shamba lao wenyewe, jambo ambalo bado linanichekesha.

Kuna mtu kaniambia chuma kinageuka dhahabu. Kweli?

Kweli tupu. Kaskazini ya Whiterun kuna kambi ya majambazi inaitwa Halted Stream Camp, ndani yake kuna mgodi, na ndani ya mgodi kuna kitabu cha uchawi wa Transmute. Ukikisoma unaweza kugeuza jiwe la chuma kuwa jiwe la fedha, na la fedha kuwa la dhahabu, moja baada ya jingine. Mgodini humohumo chuma kipo, na sururu ipo.

Fuatana nami kwa namba. Jiwe ghafi la chuma thamani yake ni 2. Unahitaji mawili, kwa sababu mawe mawili ya dhahabu ndiyo yanatoa mkuo mmoja. Hapo mkononi una mali ya 4. Ukiyageuza mpaka dhahabu, kila moja ni 50. Ukiyayeyusha, mkuo ni 100. Ukikaa kwenye tanuri la mhunzi ukafua mkufu, ni 120, na uzito umeshuka mpaka 0.5. Umetoka 4 ukafika 120 bila kumlipa mtu, na ujuzi wa uhunzi umepanda pia. Kama una jiwe la thamani, liweke kwenye mkufu au pete na bei inaruka tena.

Kasoro yake ni uvivu. Uchawi huu unakula karibu magicka yote, yaani nguvu ya uchawi, ya mtu anayeanza, hivyo unageuza moja, unangoja, unageuza moja. Kuna mteja wangu huwa anafanya hivyo akila mihogo ya kukaanga kwa mkono mwingine. Kitufe cha pedi sasa kina mafuta.

Mzee mmoja anayekuja kumchukua mjukuu wake alisimama nyuma yangu siku nikieleza haya. Alifanya kazi miaka mingi kwenye korona ya mkonge, kiwanda cha kutoa singa. Akasema, “Sisi tulikuwa tunapakia singa bandarini, kamba wanasokota wenzetu.” Mkonge uliletwa huku mwaka 1893, na kwa muda mrefu kilichopanda meli kilikuwa zaidi singa kuliko kamba. Nikamjibu, “Ndiyo hivyo, shikamoo babu, huku tunasokota wenyewe.” Akamshika mjukuu mkono wakaondoka.

Jambo jingine la uhunzi. Utasikia ushauri wa zamani wa kufua visu vya chuma mamia kwa mamia. Ulikuwa sahihi mwanzoni. Tangu masahihisho ya toleo la 1.5, ujuzi unapanda kwa kufuata thamani ya ulichokifua, kwa hiyo vito na mikufu inakusogeza haraka kuliko rundo la visu.

Dawa na kuzindika silaha, kipi kinalipa zaidi?

Dawa, kama huna kitu. Ua la bluu la mlimani limejaa kando ya njia kati ya Riverwood na Whiterun. Ngano iko mashambani chini ya mji, na kuvuna si wizi. Viweke pamoja kwenye meza ya dawa kwa Arcadia, unapata dawa ya kurudisha afya na kuiongeza. Mtaji ni kuinama tu. Ua hilohilo ukilichanganya na bawa la kipepeo wa bluu unapata dawa nyingine inayouzika vizuri.

Lakini malkia wa dawa zote ni kidole gumba cha jitu, Giant's Toe. Kichanganye na ngano, uone bei. Dawa nyingine za mwanafunzi zinahesabika kwa makumi. Hii inakwenda mamia. Usiende kuwachokoza majitu ukiwa leveli ya tatu, watakupiga mpaka uwaone ndege wanapokaa. Ngoja tu: mara ya kwanza unapoikaribia Whiterun, kwenye shamba la Pelagia kuna watu wa Companions, kundi la wapiganaji wa mji huo, wanapambana na jitu. Waache wamalize, au saidia kwa mbali, halafu kachukue kidole chako. Wao hawakihitaji.

Kuzindika kunalipa zaidi baadaye. Chukua kisu cha chuma cha thamani ya 10, kizindike kwa Banish kama umeshaupata uchawi huo, na kinakuwa cha mamia kadhaa. Shida ni mawe ya roho: yanataka kununuliwa, kujazwa, na mpango. Mwenye haraka abaki na maua.

Ah, na onja mizizi yako. Kila mmea ukiula mara ya kwanza unakufunulia sifa yake moja. Kula kimoja, uza mia.

Nina septim 1,000. Ninunue nini?

Usinunue farasi.

Wiki yangu ya kwanza na gemu hili nilidunduliza mpaka 1,000 kamili, nikaenda zizini nje ya lango la Whiterun, nikanunua. Nikapiga picha skrini kwa simu nikamtumia shemeji. Dakika ishirini hazikupita, nikakatiza karibu na kambi ya majitu. Nilijua mnyama atakimbia. Farasi wa Skyrim hakimbii. Nilipoteremka akaenda kupigana. Rungu moja. Shemeji akawa bado hajajibu ile picha.

Nje ya lango hilohilo kuna mkokoteni wa abiria, septim 20 mpaka mji mkubwa mwingine. Hela ya farasi mmoja ni safari 50. Na mahali ulipokwishafika kwa miguu, ramani inakurudisha bure.

Askari wa kukodi nao, kama Jenassa pale Whiterun, wanataka 500. Nimeshasema Lydia ni bure.

Silaha na mavazi ya dukani: hapana, kwa ile namba ya 3.1. Utavikuta pangoni. Dawa za afya za dukani: hapana, una maua. Vifungulia kufuli: ndiyo, kila ukiviona, havina uzito na kila sanduku lililofungwa ni mshahara. Vitabu vya uchawi unaoutumia kweli: ndiyo, kwa sababu vingine huvikuti kirahisi.

Na mafunzo: ndiyo sana. Walimu wanakupandisha ujuzi kwa malipo, mwisho mara tano kwa kila leveli, na bei inapanda kadiri unavyojua. Hapa kuna mwanya ambao watu wa banda langu wanauita kwa jina la heshima, mkopo. Faendal wa Riverwood anafundisha upinde. Msaidie kwenye ugomvi wake na Sven juu ya Camilla, akubali kufuatana nawe. Mlipe akufundishe, kisha fungua mkoba wake kama unavyofungua wa msaidizi yeyote. Hela yako iko mlemle. Chukua. Sisemi ni uungwana.

Nyumba je? Ninunue au niendelee kulala nyumba ya wageni?

Chumba cha wageni ni 10 kwa usiku, na ukipiga hesabu ya kulala tu, nyumba haitarudisha gharama maisha yako yote. Faida ya nyumba ni masanduku. Vitu unavyoviacha kwenye sanduku lolote mitaani vinaweza kufutika, vya nyumbani kwako vinabaki.

Breezehome ya Whiterun ni 5,000, Honeyside ya Riften na Vlindrel Hall ya Markarth ni 8,000 kila moja, Hjerim ya Windhelm 12,000, na Proudspire Manor ya Solitude 25,000. Fanicha ni bei ya pembeni. Nunua Breezehome, basi. Iko karibu na lango, jirani na mhunzi na mtambo wa kuyeyushia. Anayenunua Proudspire anataka watu wamwone, na ndani ya Skyrim hakuna wa kumwona.

Kuoa kunalipa?

Kunalipa. Mkufu wa Mara unaununua Riften kwa 200, mahari ndiyo hiyo. Mwenzi wako akishakaa nyumbani anafungua biashara, na kila siku unakuta 100 zako. Mama mmoja jirani aliposikia akaomba aonyeshwe gemu hilo lilivyo.

Na wizi?

Kitu cha wizi kinabaki na alama, na wauzaji wa kawaida hawakigusi. Wanaokinunua ni wale wa genge la Riften, kuanzia Tonilia, kwa hiyo mpaka ujiunge nao una mkoba wa aibu. Ukikamatwa, kumpiga mtu ni deni la 40 kwa mji husika, kuua ni 1,000, na walinzi wakikupeleka wanachukua pia vya wizi ulivyo navyo. Mimi naiba jibini tu, na ninaila palepale.

Sanduku lililofichwa Dawnstar, lipo?

Lipo, karibu na mgodi wa Iron-Breaker, na ni la mfanyabiashara wa msafara wa Khajiit, wale watu wenye sura ya paka. Linajaa tena kila bidhaa zake zinapojaa. Ukilitumia hutanunua kitu kwa mwezi, na baada ya siku tatu utaniambia gemu limekuwa baya.

Naweza kununua septim kwa M-Pesa? Au kuuza zangu?

Hapana, na hapana. Unacheza peke yako, hakuna soko la watu. Mwaka 2017 Bethesda, wenye gemu hili, walifungua Creation Club, ambako wenye matoleo mapya walikuwa wanalipia nyongeza kama mavazi na nyumba, lakini hilo la PS3 halihusiki, na septim zenyewe haziuzwi. Ukitumiwa ujumbe kwamba kuna mtu anauza septim 50,000 kwa elfu kumi, futa. Kwenye kompyuta watu wanajiandikia wenyewe idadi wanayotaka, bure.

Mama anadhani nimeingia kwenye mchezo wa hela. Nimwambieje?

Mwambie ni gemu, si mchezo. Bi mkubwa wangu naye alisikia “anacheza mchezo, ameshapata elfu nane” akauliza zamu yangu ya kupokea ni lini.

Umeme ukikatika nikiwa sijasevu?

Umepoteza, na malipo ya saa hayarudi hata nusu yake, tumeshakubaliana. Gemu linajisevu lenyewe ukipita milango ya mapango na nyumba, ukilala au ukisubiri, kama hujaizima hiyo sehemu. Katikati ya pango refu usilitegemee. Mwezi uliopita kijana alikuwa ametoa almasi mbili na mfupa wa joka, yuko anahesabu kwa sauti, 500 gawanya 15, feni ikapunguza mwendo, kabla hajafika kwenye nukta skrini ikawa nyeusi. Watu wa mpira wakapiga kelele yao ya kawaida. Yeye alikaa kimya, pedi mkononi, mpaka nikawasha taa ya simu.

Kwa hiyo sevu kabla ya kuuza, sevu baada ya kuuza, na tumia nafasi mbili tofauti. Anayetaka zamu ndefu aje asubuhi, saa tatu mpaka saa sita, wanafunzi wakiwa shuleni. Pedi ya skrini ya nne naiweka kaunta, uliza.